Chui mwacheni, tazameni maji: kulala kando ya mto huko Udzungwa

Msomaji wa Dodoma ameandika hivi:

"Shikamoo mzee. Mimi na wenzangu watano kazini tumepanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa mwezi wa saba, siku nne. Hoteli hatutaki. Tunataka hema, kando ya mto, pasipo na umeme wala bomba, na mchana tupande mlima; tumesikia habari za kilele cha Mwanihana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala porini. Nyumbani wananitisha na chui na tembo. Tufanyeje tuwe salama usiku? Na tubebe maji kiasi gani?"

Marahaba, mwanangu. Ngoja nianze na huyo chui ili tumalizane naye.

Chui yupo Udzungwa, na kuna uwezekano mkubwa kwamba yeye atawaona na nyinyi msimwone. Wa kuheshimiwa zaidi ni tembo na nyati, ndiyo maana kwenye njia ndefu hamruhusiwi kwenda bila askari wa hifadhi mwenye silaha. Huyo ndiye bunduki yenu, nyinyi hamhitaji nyingine. Kazi yenu ni ndogo: msipige hema katikati ya njia ya wanyama. Njia ya tembo mtaijua. Ni pana, imekanyagwa ikashindiliwa, ina mavi, na pembeni yake utaona miti iliyobanduliwa magome. Chakula kisiingie ndani ya hema, hata biskuti ya mtoto. Zipu ifungwe usiku kucha. Ukitaka kwenda haja ndogo, mwamshe mwenzako, mulikeni tochi pande zote kwanza, halafu toka. Tembo akifika kambini, nyamazeni na mumwachie askari. Basi, wanyama wameishia hapo.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hukukiuliza vya kutosha. Wale ninaowaona wakirudi kutoka safari za namna hii wakichechemea au wakishika tumbo, mara nyingi wameponzwa na maji: mto uliojaa ghafla, jiwe lenye utelezi, maji machafu waliyokunywa, au nguo zilizolowa wakiwa juu mlimani jua linapozama. Mto mnaoutaka uwe jirani yenu utawapa kila kitu, na ndio utakaowadhuru kama kuna kitu kitawadhuru.

Elewa kwanza umbo la mahali penyewe. Upande wa mashariki, milima ya Udzungwa inaanguka kama ukuta juu ya bonde la Kilombero. Chini, Mang'ula, mko mita mia tatu na ushee kutoka usawa wa bahari. Juu ya ukuta huo vilele vinapita mita 2,000, na Luhomero, mrefu kuliko vyote, unapita 2,500. Upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi unagonga ukuta huo na kumwaga mvua. Kuna sehemu za msitu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na wewe unatoka Dodoma, kwa hiyo huenda hujawahi kuona mvua ya namna hiyo. Mwezi wa saba ni kiangazi, mmechagua vizuri. Kuanzia Juni hadi Oktoba ndio wakati wenyewe. Lakini kiangazi cha kule si kiangazi cha Dodoma. Wingu linaweza kukaa juu ya msitu likanyesha usiku mzima na nyinyi huku chini mkaona nyota.

Hapo ndipo hatari ilipo. Vijito vya kule ni vifupi na vimesimama wima. Sanje, maporomoko yanayojulikana kuliko mengine, maji yake yanashuka mita 170 kwa ngazi tatu. Mvua iliyonyesha juu haichukui siku kufika kwenu, inachukua saa chache tu. Kwa hiyo usihukumu mto kwa hali ya hewa ya pale uliposimama.

Mnapofika kambini, kabla hata ya kushusha mizigo, nendeni ukingoni muusome. Usiangalie maji, angalia yale ambayo maji yaliyapita yakayaacha. Tafuta kichaka kilicho karibu na mto, utazame kwenye panda za matawi yake. Mara nyingi utakuta kifungu cha majani makavu, vijiti na nyuzi za mizizi vilivyosukwa pamoja kama kiota kilichobebwa na mkondo. Hakuna ndege aliyekijenga. Hicho ndicho kimo cha mafuriko ya mwisho. Angalia nyasi nazo: zikiwa zimelalia upande mmoja, kule maji yanakoelekea, mto ulipita juu yake. Mchanga safi, laini, uliotandazwa sawasawa, ambao kila mgeni anaukimbilia apige hema kwa sababu ni tambarare na hauumizi mgongo, umewekwa na mto huohuo na mto utarudi kuuchukua. Kifungu cha takataka kikiwa usawa wa kiuno chako, lala mahali palipo juu zaidi ya kichwa chako.

Hifadhi ndiyo inayopanga kambi, hamjichagulii tu popote, lakini ndani ya eneo la kambi hema moja linaweza kuwa salama na la jirani likawa baya. Hatua kama 80 kutoka ukingoni ni kipimo kizuri, na juu kidogo. Umbali huo una faida tatu kwa pamoja: mafuriko hayawafikii, wanyama wanaokuja kunywa usiku hawagongani nanyi, na uchafu wenu haushuki mtoni. Mkishachagua, inueni macho. Tawi kubwa lililokauka juu ya hema ni sababu tosha ya kuhama, hata kama hapo chini pamewapendeza.

Jioni chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Kabla ya kulala kakitazame. Kikiwa ndani ya maji, hamisheni vitu vyenu juu hapohapo bila mjadala. Usiku, dalili ni tatu: maji yaliyokuwa meupe yanageuka rangi ya udongo, majani na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi, na unasikia mngurumo mzito wa mawe yakibiringika chini ya maji. Ukisikia huo wa tatu, amsha watu muondoke na viatu na tochi. Hema litanunuliwa jingine.

Kuvuka kuna kanuni yake pia. Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na kwenye mto wa mlimani wingi unadanganya sana kwa sababu maji ni safi, unaona chini, unadhani ni mafupi. Maji yakikufika magotini na yanakwenda kasi, usivuke. Kaa usubiri. Uzuri wa vijito hivi ni kwamba vinavyojaa haraka ndivyo vinavyopungua haraka, na kusubiri saa tatu si aibu. Mkilazimika kuvuka penye maji ya chini ya goti: fungua mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani ili ukianguka begi likuachie, shika fimbo ndefu, elekeza uso kule maji yanakotoka, sogea kwa ubavu hatua fupi, na viatu viwe mguuni. Peku usivuke. Vidole vikikwama kati ya mawe mguu unavunjika.

Kuhusu viatu, kwa kuwa najua mtaniuliza: buti zenye soli ya meno kwa kupanda, na katambuga za tairi au kandambili kwa ajili ya kambini tu. Nina marafiki Mang'ula wanaopanda hadi Sanje na katambuga kama mbuzi, sibishani nao, lakini wao wamezaliwa pale. Jiwe lenye ukungu wa kijani karibu na maporomoko halina huruma na mgeni. Na picha ya kusimama kwenye ukingo wa juu wa Sanje, naomba sana, muiache.

Umeuliza mbebe maji kiasi gani. Kutoka Dodoma, karibu hakuna. Katoni moja ya chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18, na mtu mmoja aliyekwishabeba hema hawezi kupanda nayo. Kila mtu awe na chupa za kutosha lita tatu za kutembea nazo, mengine yachotwe mtoni na kusafishwa. Yachotwe juu ya kambi, penye mkondo unaokwenda, kabla ya mtu yeyote kuoga siku hiyo. Hata yang'ae namna gani, msinywe hivyohivyo. Nyani, nyati na tembo wanatumia mto huohuo, na kinyesi kilichoyeyuka maji hakionekani.

Njia ya uhakika ni kuchemsha: yakishatokota vizuri, dakika moja inatosha, na mkiwa juu ya mita 2,000 fanyeni tatu. Vidonge vya klorini vya dukani ni vyepesi na vinafaa kwa mchana mkiwa njiani. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, subiri nusu saa, na kama yamechafuka yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, maana klorini haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Mkipata kichujio cha mkononi, chukueni kimoja cha kundi.

Kichocho watu wanakiogopa mahali pasipo pake na kukisahau mahali pake. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia, yenye majani na joto. Kwenye dimbwi la maporomoko, maji baridi yanayokimbia juu ya mawe, hatari ni ndogo na watu wanaoga. Huku chini bondeni, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga na miwa, ndiko usikoingiza mguu hata kwa kunawa vumbi.

Choo. Kambi nyingine za karibu na makao makuu zina choo. Porini juu hamna. Chukueni sepeto ndogo au jembe fupi. Shimo la kina cha kiganja kimoja na vidole vyake, sentimita 15 hadi 20, hatua 80 au zaidi kutoka majini, mbali na njia, halafu funikeni. Karatasi zirudi nanyi kwenye mfuko mweusi. Sabuni, hata ile inayoandikwa "ya asili", isiguse mto. Chota maji kwa ndoo, nenda mbali, oga huko, udongo utachuja. Najua inaonekana kama usumbufu mkubwa kwa mtu aliyekuja kuoga mtoni, basi ogeni bila sabuni, hakuna atakayekufa kwa siku mbili.

Kama mnadhani ninazidisha, kumbukeni yule chura mdogo wa manjano wa Kihansi, kusini mwa milima hiihii. Aliishi kwenye eneo dogo sana lililolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yakapunguzwa kwa ajili ya bwawa la umeme, halafu ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukawamaliza waliobaki. Walionusurika ni wale waliokuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, Bronx na Toledo, na miaka ya 2010 ndipo walipoanza kurudishwa. Ukungu wa namna hiyo unaweza kusafiri kwenye tope la buti. Kwa hiyo buti zenu zioshwe na kukauka kabisa kabla ya kuondoka Dodoma. Ni kazi ya dakika kumi.

Baridi ndiyo inayowashangaza wengi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto linapungua kama nyuzi sita. Maana yake, siku Mang'ula ikiwa na nyuzi 20 alfajiri, huko juu karibu na Mwanihana unakaribia kumi, na kama umelowa jasho au mvua utatetemeka. Kila mtu awe na seti moja ya nguo kavu, sweta na soksi za kulalia, iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki mzito, isiyoguswa mchana kwa sababu yoyote. Hema liwe na paa la nje linalofika karibu na ardhi. Turubai la kutandika chini likunjwe lisizidi ukubwa wa hema. Likitokeza pembeni linakusanya mvua na kuiingiza chini ya mgongo wako. Na mkeka wa sponji ni muhimu kuliko blanketi la pili, kwa sababu ardhi ndiyo inayonyonya joto.

Sasa utasema tutaota moto. Hapana. Kuni za hifadhini haziokotwi. Hata wanavijiji wanaoishi mpakani, ambao zamani walikuwa na siku yao ya kuingia kuokota kuni zilizoanguka, walizuiwa mwaka 2011, na jambo hilo bado linawauma. Halitakuwa jambo la adabu mgeni wa siku mbili awashe moto mkubwa wa kupigia picha. Bebeni jiko dogo la gesi. Mtungi wa kilo tatu wenye kichomeo juu yake unatosha watu sita, ila chuma chake ni kizito, kwa hiyo unafaa kambi ya chini. Kwa kupanda, tumieni lile jiko dogo kabisa linalofungwa juu ya kopo la gesi. Maharage makavu acheni nyumbani, yatawamalizia gesi. Choroko zilizolowekwa tangu asubuhi, tambi, mchele, dagaa waliokaangwa kabisa nyumbani, karanga, mayai ya kuchemsha ya siku ya kwanza. Vyote viingie kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana: nyani hawaifungui kirahisi, harufu haitoki sana, na kikimalizika chakula mna chombo cha maji.

Wadogo wawili wa kuwahofia kuliko chui: siafu na upupu. Siafu wakipita kambini usiku hamtashindana nao, hameni, wapite, mrudi. Msafara wao utauona kwa tochi kama kamba nyeusi inayotembea, basi kila mtu atazame nje ya zipu kabla ya kukanyaga. Upupu uko pembezoni mwa njia, kwenye vichaka vya chini. Maganda yake yenye manyoya ya kahawia yanawasha vibaya mno. Suruali ndefu, mikono mirefu, na ukiguswa usijikune wala usikimbilie maji, ondoa manyoya kwanza kwa utepe wa kunata au tope linalokauka.

Tumefika Mwanihana, na hapa sitakubembeleza: safari hii msiende. Njia hiyo ni kama kilomita 38 kwenda na kurudi, inaliwa kwa siku tatu na kulala mara mbili, na ina kupanda kwa takriban mita 1,800. Siku zenu ni nne. Ya kwanza inaishia barabarani, kutoka Dodoma kupitia Morogoro na Mikumi hadi Kidatu na Mang'ula. Ya nne inaishia barabarani pia. Zinabaki mbili. Watu sita ambao hawajawahi kulala kwenye hema, wakibana siku tatu ndani ya mbili, watatembea usiku msituni, na msituni saa kumi na mbili kasoro jioni tayari kiza.

Fanyeni hivi. Siku ya kwanza fikeni kabla ya saa kumi, pigeni hema kwenye kambi zilizo karibu na makao makuu Mang'ula, penye msitu na kijito. Umeme wala bomba la kujivunia hamtaona, na sauti ya usiku ni ileile mnayoitafuta. Siku ya pili fanyeni njia fupi kwanza, ya maporomoko ya Prince Bernhard, ambayo haifiki saa nzima, halafu Sonjo kwa saa mbili hivi, mjaribu buti na mabegi. Siku ya tatu ndiyo Sanje: mnaingilia kijiji cha Sanje, kaskazini mwa Mang'ula, saa nne za kupanda na kushuka bila haraka, na dimbwi la kuogelea katikati. Ondokeni saa moja na nusu asubuhi. Mkiwa na bahati mtamwona mbega mwekundu, na labda ngolaga wa Sanje, nyani ambaye wanasayansi walimjua mwaka 1979 tu ingawa wanakijiji walikuwa wakimsikia siku zote. Mkishazoea, mwakani chukueni siku sita muende Mwanihana na wapagazi.

Kabla ya kuondoka pigeni simu hifadhini, mpange askari na mwongozaji mapema. Getini TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hawapokei fedha mkononi. Mtapewa namba ya malipo mlipe kwa simu au benki. Kila mtu awe na kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni mbingu na ardhi. Mkifika, swali la kwanza kwa askari liwe: juu kumenyesha lini mara ya mwisho? Akikwambia jana usiku, ahirisheni Sanje hadi mchana muone mto unaendaje. Mwachieni mtu wa nyumbani jina la njia na saa ya kurudi, kwa sababu mabondeni msitegemee mtandao.

Akiumwa mtu na nyoka, msichanje, msifunge kamba, msinyonye. Mguu utulie, mgonjwa abebwe, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ndiyo kubwa ya jirani.

Na mbu. Bonde la Kilombero lina malaria, na si bahati mbaya kwamba taasisi kubwa ya utafiti wa ugonjwa huo iko Ifakara. Hema lenye wavu mzima, dawa ya kujipaka kuanzia jua linapozama. Yeyote kati yenu atakayepata homa ndani ya wiki za mwanzo baada ya kurudi Dodoma, asiseme ni uchovu wa safari: aende akapimwe siku hiyohiyo, na amwambie daktari kwamba alilala Kilombero.